Askari wa kifaru mzaliwa wa Nyansiongo

Asubuhi ya Nyansiongo huchelewa kufunguka. Ukungu hutanda juu ya majani chai hadi mwendo wa saa tatu, na abiria anayeteremka kwenye matatu itokayo Keroka hufunga vifungo vya koti kwanza ndipo aulize njia. Jumamosi niliyofika mimi, akina mama na vijana walikuwa wamejipanga kwenye banda la kununulia majani, kila mmoja na mzigo wake, wakingojea lori la kiwanda. Hakuna aliyekuwa akizungumza habari za wanyamapori. Waizungumzie kwa nini? Mnyama mkubwa kuliko wote katika sehemu hizi ni ng'ombe wa gredi, na huyo naye amefungwa zizini.

Hata hivyo, ni habari za kifaru zilizonitoa Nairobi.

Nilikuwa nimeelekezwa kwa mama mmoja mjane, mwenye umri wa miaka sabini na ushei, ambaye kitinda mimba wake ni askari wa wanyamapori katika Mbuga ya Taifa ya Ruma, bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay. Kazi ya kijana huyo, usiku na mchana, ni kulinda vifaru. Sitamtaja jina lake, wala la mama yake. Watu wanaosaka pembe husoma magazeti kama wewe na mimi.

"Bwakire buya," nilimwamkia mama kwa Kigusii changu cha kuokoteza. Alicheka, akaitikia, kisha akahamia Kiswahili kwa kunihurumia. Chai ikaletwa, ya maziwa mengi, na nilipokuwa nikiinua kikombe macho yangu yakatua juu ya kabati. Pale, baina ya picha ya harusi na vikombe vya wageni, palisimama kifaru. Alikuwa wa jiwe la Tabaka, rangi ya waridi lililofifia, mkubwa kama mkate wa nusu. Pembe yake ya mbele ilikuwa imevunjika.

"Mjukuu alimwangusha," mama akaeleza alipoona ninavyomkodolea. "Huyo ndiye ninayemjua mimi. Yule mwingine, mwenye damu, sijamwona. Nakuuliza wewe uliyesoma, mwanangu: ana nini hata mtoto wangu ashindwe kurudi nyumbani?"

Sikuwa na jibu, na chai ilikuwa moto.

Msomaji wa mjini huenda ana kifaru kama huyo mezani kwake. Tabaka iko upande wa pili wa nchi ya Wagusii, kusini mwa mji wa Kisii, na kwa miaka mingi wachongaji wa huko wamekuwa wakichimba jiwe laini vilimani na kulitoa umbo la kiboko, tembo, twiga na kifaru, ambao husafirishwa hadi Ulaya na Marekani. Nathubutu kusema kwamba wengi wa wachongaji hao humjua kifaru kama anavyojulikana Nyansiongo, yaani kwa kumwona mwenziwe akimchonga.

Lakini swali la mama halikuwa la mawe. Lilikuwa la ardhi. Shamba analoishi ni la marehemu mumewe, mmoja wa wale waliopata mashamba hapa Borabu baada ya walowezi wa Kizungu kuondoka. Mwanzoni mwa miaka ya sitini, Kenya ilipokuwa ikiingia katika uhuru, serikali ilinunua mashamba ya walowezi na kuwagawia wananchi kwa mkopo. Familia nyingi zilitoka katika vilima vya Kisii vilivyokwisha kubanana, zikaja huku na ng'ombe na vyungu vyao kuanza upya. Mzee huyo alilipa mkopo wake miaka nenda miaka rudi. Sasa amelala kando ya migomba, na wanawe watatu wanapaswa kugawana. Soroveya alikuwa ameahidi kuja Jumatano. Mara mbili familia ilikuwa imekaa kikao, na mara mbili kitinda mimba hakutokea.

"Kaka zake wanasema amechagua kifaru," mama alisema. "Watu wakikata shamba wewe hupo, mipaka hupita bila macho yako. Mwambie hivyo. Mwambie ni mimi niliyesema."

Akanifungia unga wa wimbi katika mfuko wa plastiki uliotiwa ndani ya gunia dogo, kilo tano hivi, nimpelekee. Ndivyo nilivyojikuta mjumbe katika kesi ya watu.

Kabla hatujaondoka Nyansiongo, inafaa tukumbuke kwamba nchi hii haikuumbwa na majani chai juu yake. Koo za Wagusii tangu jadi zina wanyama zinaowaheshimu, miongoni mwao chui, tembo, punda milia na kiboko. Mtu hamchagui mnyama wa ukoo kutoka katika kitabu. Babu zao waliishi nao. Wanyama hao waliondoka kadiri jembe lilivyosonga, na si hapa peke yake. Huko Makueni, Ukambani, serikali ya kikoloni ilipotaka kufungua ardhi kwa ajili ya makazi na kilimo katikati ya miaka ya arubaini, ilimtuma mwindaji wake, J. A. Hunter, asafishe kwanza. Katika muda wa miaka miwili na ushei, Hunter aliua vifaru karibu 1,000. Hakuwa jangili. Alikuwa mtumishi wa idara ya wanyama, analipwa mshahara, na ripoti yake iliwekwa kwenye faili kama za watumishi wengine.

Basi nikatoka Jumapili asubuhi na mzigo wangu wa wimbi. Matatu hadi Keroka, nyingine hadi Kisii, ambako nilibanwa kati ya kreti la mayai na kijana aliyelala begani mwangu bila kuniomba. Kutoka Kisii barabara huteremka kuelekea Rongo na Homa Bay, na kila kilomita unavua kitu: kwanza koti, kisha sweta, kisha unafungua dirisha na mwenye kreti analalamika kwamba vumbi litaharibu mayai yake. Migomba inapungua. Kigusii kinaisha na Kijaluo kinaanza. Mbele yako linatokea ziwa, limelala kama bati jipya juani.

Homa Bay nililala usiku mmoja, na alfajiri nikashika gari la kukodi kuelekea Lambwe. Ukivuka mabega ya vilima, bonde linajifungua lote kwa mara moja: upande mmoja mteremko mkali wa Kanyamwa, upande wa pili milima ya Gwasi, na katikati bahari ya nyasi ndefu zinazoinama na upepo. Eneo lote la mbuga ni kilomita 120 za mraba tu. Lilitangazwa kuwa hifadhi katika mwaka wa 1966, likapandishwa cheo kuwa mbuga ya taifa mwaka wa 1983. Wasafiri wachache mno hufika hapa, nami sielewi kwa nini, maana hii ndiyo mbuga pekee katika Kenya anapopatikana bado yule swala mkubwa aitwaye korongo, mwenye uso uliopakwa nyeusi na nyeupe kama mchezaji ngoma.

Ni nini kilichoacha bonde zuri hivi bila mashamba, ilhali vilima vya jirani vimelimwa hadi kileleni? Jibu lilinipiga kwenye shingo kabla ya kufika langoni. Mbung'o! Mdudu huyo ana sindano ipenyayo hata shati. Kwa miongo mingi ndiye aliyewafukuza watu Lambwe, kwani aliwaletea ugonjwa wa malale na kuua mifugo yao. Mwanzoni mwa miaka ya themanini malale yalizuka upya hapa na kusumbua watu wengi. Leo utaona mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotiwa dawa, imening'inizwa kandokando ya njia, maana mbung'o hupenda rangi hizo. (Mimi nilikuwa nimevaa suruali ya buluu. Sikuambiwa mapema.) Mapambano hayo yamezaa matunda: katika mwaka wa 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya. Lakini kwa miaka yote ile, mdudu mdogo ndiye aliyekuwa mlinzi wa korongo na wenzake, bila bunduki na bila mshahara.

Askari wetu alinipokea karibu na lango. Ni kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye miguu mirefu ya watu waliozoea vilima. Alipokea gunia la wimbi kwa mikono miwili, akalinusa, akacheka kama mtoto. Kisha nikampa ujumbe wa mama yake neno kwa neno. Kicheko kikakatika.

"Jumatano," alisema. "Leo ni Jumatatu. Na kuna mama hajaonekana siku ya sita."

Nilidhani anasema mtu. Alikuwa akisema kifaru.

Hapa yafaa nieleze namna kazi hii inavyofanywa, kwa sababu picha tuliyo nayo sisi wa mjini, ya askari anayerukaruka na bunduki kama katika sinema, ina upungufu mkubwa. Bunduki wanayo, na inahitajika. Lakini sehemu kubwa ya kazi ni kuhesabu. Kila asubuhi makundi ya askari hutoka kwa miguu, kila kundi na eneo lake, na darubini, daftari na simu ya upepo. Wanasoma nyayo. Wanasoma kinyesi, kwa kuwa kifaru ana mahali pake maalumu pa kujisaidia na hupatembelea kama sisi tunavyoangalia sanduku la posta. Wanasoma matawi: kifaru mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka kama kidole, hushika kijiti na kukikata kwa meno kana kwamba kimekatwa kwa makasi. Mwenzake, aitwaye kifaru mweupe ingawa si mweupe hata kidogo, ana mdomo mpana na hula nyasi chini kama ng'ombe.

Na juu ya yote wanasoma masikio. Kifaru anapofikia umri unaofaa, daktari wa wanyama humpiga sindano ya usingizi kutoka mbali, na wakati amelala masikio yake hukatwa pengo dogo au mawili, kama mkata tiketi anavyotoboa tiketi. Kila mahali pa pengo pana tarakimu yake. Ukijumlisha sikio la kulia na la kushoto unapata namba ya mnyama. Askari mwenye darubini akiona masikio hayo juu ya kichaka, anajua ni nani, mama yake ni nani, na mara ya mwisho alionekana wapi na lini. Asipoonekana siku kadhaa, msako huanza.

Huyo mama wa siku ya sita alikuwa na mimba. Mimba ya kifaru ni ya miezi 15 hivi, na jike huzaa mtoto mmoja tu, kisha hukaa miaka miwili, mitatu au zaidi kabla ya kuzaa mwingine. Kwa hiyo kila ndama anayepotea ni hasara ya miaka. Pengine amejificha ili azae, Askari alisema, maana ndivyo wanavyofanya. Pengine ameumia. Jambo la tatu hakulitaja.

Jambo hilo la tatu ndilo lililokaribia kummaliza kifaru katika nchi hii. Karibu mwaka wa 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwisho wa miaka ya themanini walikuwa wamebaki pungufu ya 400. Hebu fikiri, katika umri wa mtu kuzaliwa na kumaliza shule ya sekondari! Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka wa 1977, na mwaka huohuo biashara ya pembe baina ya mataifa ikakatazwa, lakini majangili hawakusoma tangazo. Huko Yemen pembe ilitengenezwa mpini wa jambia, fahari ya mwanamume. Katika nchi za Mashariki ya Mbali ilisagwa ikauzwa kama dawa. Na pembe yenyewe ni nini? Ni kitu kilekile kilichofanya ukucha wako na nywele zako. Mtu angeweza kutafuna kucha zake akaokoa nauli.

Wakati ule wa giza alitokea Mkenya ambaye vijana wa leo wengi hawamjui, nami nasikitika. Michael Werikhe alikuwa kijana wa Mombasa. Aliwahi kufanya kazi katika ghala ya idara ya wanyama ambako pembe na meno ya tembo yalirundikwa kama kuni, akashindwa kuvumilia, akaacha. Baadaye, akiwa mfanyakazi wa kiwanda cha kuunda magari, alianza kutembea. Mwishoni mwa mwaka wa 1982 alitoka Mombasa hadi Nairobi kwa miguu, akisimama katika kila kijiji kuzungumza na watu juu ya kifaru, huku amembeba nyoka wake. Mwaka wa 1985 akazunguka Afrika Mashariki, 1988 akaenda Ulaya, na 1991 Amerika ya Kaskazini, akikusanya fedha kwa kila hatua. Hakuwa daktari wa wanyama wala bwana mkubwa. Alifariki mwaka wa 1999 baada ya kushambuliwa na wahuni huko kwao Mombasa.

Serikali nayo ilibadilisha mbinu. Vifaru waliosalia, waliotawanyika kama mbegu zilizomwagika, walikusanywa katika maeneo yenye uzio na askari, ili waweze kukutana na kuzaliana. Ruma ilipata sehemu yake katika mwaka wa 2012, vifaru weusi walipohamishwa kutoka ranchi ya Mugie, Laikipia, ambako usalama ulikuwa umezorota. Leo Kenya nzima ina vifaru weusi zaidi ya 1,000. Njia haikuwa nyoofu: mwaka wa 2013 pekee majangili waliua vifaru 59 nchini, na sheria iliyopitishwa mwaka huo ikaweka faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Mwaka wa 2020 hakuuawa hata mmoja.

Nisije nikaonekana mpiga zumari wa wakubwa, kuna jambo lazima lisemwe. Katikati ya mwaka wa 2018 vifaru weusi 11 walitolewa Nairobi na Nakuru wakapelekwa hifadhi mpya ndani ya Tsavo Mashariki. Maji ya huko yalikuwa na chumvi nyingi. Wanyama walikunywa, wakazidi kupata kiu, wakanywa tena. Kumi walikufa, na wa kumi na moja, akiwa dhaifu, akashambuliwa na simba, akafa naye. Hakuna jangili aliyehusika. Walikuwa watu wenye nia njema, vyeti na magari. Nilipomtajia Askari jambo hilo alinyamaza kwa muda, akasema, "Ndiyo maana sisi tunaangalia hata maji."

Tulitembea asubuhi nzima. Sitasema ni upande gani wa bonde. Nyasi zilitupita vichwa, na mara mbili Askari alininyanyulia mkono nisimame, kwa kuwa kifaru mweusi haoni mbali, lakini akikushtukia hukimbia kwa kasi inayoshinda ya mtu yeyote, na mara nyingi huja upande ulipo wewe. Mwenzake mmoja alitangulia, mwingine alifuata nyuma yangu. Hakuna aliyezungumza. Mbung'o walifurahia suruali yangu.

Mwendo wa saa tano Askari alielekeza kidole juu. Ndege watatu wa hudhurungi, wenye midomo myekundu, waliruka kutoka katikati ya kichaka cha miiba, wakatoa sauti ya kukwaruza, wakatua palepale. Ni wale ndege wanaokula kupe mgongoni mwa mnyama. Kiswahili kiliwapa jina zamani: askari wa kifaru. Wazee walioliunda jina hilo hawakuwa wakipiga porojo. Mwaka wa 2020 wataalamu waliofanya uchunguzi Afrika Kusini walichapisha matokeo yao: kifaru mweusi asiye na ndege hao alimtambua mtu anayemnyemelea chini ya mara moja katika kila nne, lakini mwenye ndege alimtambua kila mara, na kwa umbali wa mita 61 badala ya 27. Ndege hupiga kelele, kifaru husikia na kugeuka.

Tukazunguka kuufuata upepo. Tukalala kifudifudi juu ya mwamba. Kwanza niliona sikio. Lilizunguka taratibu kama kikombe kinachotafuta maji, na kwenye ukingo wake palikuwa na pengo. Askari alihesabu kwa midomo bila sauti, akaangalia sikio la pili, akaandika. Kisha akanipa darubini na kunionyesha chini ya tumbo la mnyama. Kivulini palikuwa na kitu cha kijivu, kikubwa kama mbwa aliyeshiba, kisicho na pembe. Masikio yake yalikuwa mazima.

Sijui nieleze vipi sura ya Askari wakati ule. Aliripoti kwenye simu ya upepo kwa maneno matano, sauti ya mtu anayesoma bei za mboga, na mkono wake ulikuwa ukitetemeka.

Tulipopumzika chini ya mgunga, mbali na pale, nilimrudisha kwenye kesi ya Nyansiongo, maana nilikuwa mjumbe na mjumbe hutakiwa kurudi na neno. Nikamuuliza pia lile swali ambalo kaka zake huuliza: je, mwana wa mtu afie mnyama? Wapo askari waliouawa katika kazi hii, Kenya na kwingineko Afrika, na kila tarehe 31 Julai huadhimishwa siku ya kuwakumbuka duniani.

Alichukua muda kujibu. "Baba alilipa mkopo wa lile shamba maisha yake yote," alisema. "Baridi ile, mvua ile. Mgongo ulimpinda. Hakuna aliyemuuliza kwa nini anafia udongo." Akafunga kamba za viatu. "Mimi sitaki kufa. Nataka tu kesho nije nimhesabu yule mdogo."

Likizo yake ilikuwa mwisho wa mwezi. Kubadilishana zamu na mwenzake angeweza, lakini ndama wa kifaru katika siku za kwanza huweza kuliwa na fisi, na yeye ndiye aliyemjua mama huyo kuliko wote. Hakuna aliyemlazimisha kubaki. Alijilazimisha mwenyewe, na hapo ndipo kaka zake wana haki kidogo ya kukasirika.

Vijana wanafunzi wameniuliza zamani namna ya kuingia katika kazi hii, basi nidokeze. Askari hufundishwa Manyani, kando ya barabara ya Mombasa, mahali ambapo wakoloni waliwahi kuwafungia wapiganaji wa Mau Mau. Lakini mbuga haiendeshwi na bunduki pekee. Kuna madaktari wa wanyama, mafundi wa uzio wa umeme, madereva, makarani, wanaochunguza mbung'o, wanaozungumza na wanakijiji ambao mbuzi wao wameliwa na chui. Aliye dhaifu wa miguu lakini hodari wa hesabu asikate tamaa.

Jumanne jioni nilikuwa Nyansiongo tena, koti limerudi mwilini. Kisii nilikuwa nimepita kwa mpiga picha na kumwomba anichapishie picha moja kutoka kwenye simu yangu, kichwa cha yule kifaru na mgongo wa ndege mmoja. Mandhari yote Askari alikuwa amenitaka niyakate. Kaka wawili walikuwapo sebuleni, watu wazima wenye heshima zao, na mmoja alikuwa ameleta kamba ya kupimia ili soroveya asiwapunje.

Nikatoa ujumbe kama nilivyopewa. Askari hatakuja Jumatano. Wakate. Yeye anaomba kile kipande cha chini, kando ya kijito, penye matete.

Kaka mkubwa akashtuka. "Pale? Pale hapaoti chai. Maji tupu."

"Amesema anajua," nikajibu.

Wakatazamana. Ama kweli hawakuwa wametarajia kesi iishe upesi hivyo, na nadhani iliwauma kidogo kunyimwa ugomvi waliojiandaa nao. Mdogo wao akaanza kukunja kamba. Mama hakusema neno juu ya shamba. Alikuwa ameishika picha karibu na taa, akiigeuza huku na huku.

"Nani amemrarua masikio?" aliuliza.

Nikamweleza: ni alama, Mama, kila mmoja na yake, ndivyo mwanao anavyowatambua. Nikamweleza kuhusu mapengo na tarakimu, na kuhusu yule mdogo aliyezaliwa, ambaye bado hajakatwa. Alisikiliza yote. Kisha akainuka, akamshusha kifaru wa jiwe kutoka kabatini, akampapasa masikio kwa kidole gumba, kwanza la kulia, halafu la kushoto.

"Huyu wangu hana alama," alisema. "Akija mwisho wa mwezi, atamjuaje?"

Akamrudisha mahali pake, picha akaiegemeza ubavuni mwake, akaenda jikoni kuangalia ugali.